Umeme kwa Maradhi ya Huzuni

Umepata kumwona mtoto mchanga akishikwa na degedege? Kama ulilelewa Likoni, Kisauni au Changamwe, labda umeona kwa macho yako, au umesimuliwa na bibi yako. Macho hugeuka yakawa meupe, viungo hukakamaa, kisha mwili wote hutetemeka, na mama hupiga ukelele wa kuamsha mtaa mzima. Wazee wetu walisema ni ndege wa usiku aliyepita juu ya paa, kivuli chake kikamwangukia mtoto. Madaktari husema ni homa kali, na mara nyingi ni malaria. Walakini wazee na madaktari walipatana katika jambo moja, nalo ni kwamba degedege ni adui, na kila hila yapasa kufanywa ili liondoke.

Basi utasemaje, msomaji wangu, ukiambiwa kwamba wako madaktari ambao hulitafuta degedege kwa makusudi, wakalitia katika kichwa cha mtu mzima kwa nguvu za umeme, na kwamba wako wagonjwa waliotendewa hivyo wakashukuru? Utasema ni uongo, au utasema ni ukatili. Mimi nilisema hivyo hivyo miaka zaidi ya kumi iliyopita, tena kwa sauti kubwa, mbele ya wakubwa wangu. Kilichonifanya niseme nitakieleza baadaye. Kwanza yafaa tujue jambo hili lilitoka wapi.

Lilianza na kafuri. Kafuri waijua: ni ile dawa nyeupe yenye harufu kali ambayo kwetu hutiwa katika maji ya mwisho ya kuoshea maiti. Mwaka 1934, mjini Budapest katika nchi ya Hungaria, daktari mmoja jina lake Ladislas Meduna aliiyeyusha kafuri katika mafuta, akamdunga mgonjwa wa akili kwa sindano mpaka akashikwa na kifafa. Meduna alikuwa ameona, au alidhani ameona, ya kwamba mwenye kifafa hashikwi na ule wazimu uitwao skizofrenia, wala mwenye skizofrenia hashikwi na kifafa, kana kwamba maradhi hayo mawili ni paka na panya katika nyumba moja. Akawaza kwamba akimwingiza paka, panya atakimbia. Leo twajua kuwa wazo hilo halikuwa la kweli, kwani mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili. Hata hivyo baadhi ya wagonjwa wake walipata nafuu. Ni kama mtu aliyekusudia kwenda Kwale akajikuta Kilifi, na huko Kilifi akaokota kitu cha manufaa.

Kafuri ilikuwa na taabu yake, maana ilichelewa kufanya kazi. Meduna akaibadili kwa dawa nyingine iliyoitwa Cardiazol, iliyofanya kazi upesi zaidi, lakini kati ya sindano na kifafa mgonjwa alipitiwa na hofu kubwa isiyo na mfano. Wako walioomba kwa machozi wasidungwe tena.

Usiwacheke watu hao wa zamani. Wakati ule hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa watu walioingia wakiwa vijana na kutoka wakiwa maiti, na daktari hakuwa na dawa ila funguo za mlango. Mwenye kukata tamaa hujaribu lolote. Huko Vienna daktari Wagner-Jauregg alikuwa amekwisha kuwapa malaria kwa makusudi, tangu mwaka 1917, wagonjwa walioharibika akili kwa kaswende, ili homa kali iwaponye. Na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sisi tulalao ndani ya vyandarua kila usiku tukimkwepa mbu, habari hiyo hutushangaza kuliko watu wengine.

Umeme ulikuja mwaka 1938 katika mji wa Roma. Profesa Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini walikuwa wakitafuta njia ya kuleta kifafa pasipo dawa zile za kutisha. Cerletti alisikia kwamba katika machinjio ya Roma nguruwe huuawa kwa umeme. Akaenda kutazama. Alichokiona si hicho: umeme uliwaangusha nguruwe wakatetemeka kwa kifafa, na mchinjaji akawachinja wangali wamezimia. Asiyechinjwa aliinuka akaenda zake. Kwa mnyama huyo ambaye wengi wetu hapa pwani hatumgusi, Cerletti alijifunza kiasi cha umeme kinachozimisha bila kuua.

Mwezi wa Aprili mwaka ule polisi walimleta mtu aliyeokotwa katika stesheni ya gari la moshi, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mara ya kwanza umeme ulikuwa mdogo, na mgonjwa hakupatwa na kifafa. Waliokuwapo waliposhauriana juu ya kuurudia, yeye mwenyewe akanena kwa lugha iliyo wazi kwamba wasifanye tena, kwa maana ataweza kufa. Cerletti akaendelea. Mtu yule alipata nafuu baada ya kutiwa umeme mara kadhaa, akarudi kwa mkewe. Baadaye ugonjwa ulimrudia. Nakuomba ukumbuke mambo yote mawili katika kisa hiki, kupona kwake na kukataa kwake kusikosikilizwa. Historia yote ya tiba hii imo ndani yake.

Miaka iliyofuata tiba ilienea upesi ajabu, Ulaya na Marekani, kisha katika makoloni. Ilitolewa kwa mgonjwa aliye macho, na misuli ilijikaza kwa nguvu kiasi cha kuvunja mifupa, hata ya uti wa mgongo. Dawa ya hatari hii ilitoka mahali pasipotazamiwa. Wawindaji wa Amerika ya Kusini hupaka mishale yao sumu iitwayo kurare. Sumu ya mishale ambayo Waliangulu wa nyuma ya Malindi waliwindia ndovu huua kwa kuusimamisha moyo, lakini kurare hulegeza misuli. Kufikia mwaka 1940 daktari A. E. Bennett wa Marekani alikuwa ameanza kuitumia kwa kiasi kidogo kabla ya kuleta kifafa, na mifupa ikasalimika. Katika miaka ya 1950 ilipatikana dawa nyingine iliyo salama zaidi, na mgonjwa akaanza kulazwa kwa nusukaputi kwanza. Tangu hapo, mahali palipo na wataalamu na vifaa, degedege lenyewe halionekani sana. Pengine ni kidole cha mguu kinachotikisika tu. Nasema mahali palipo na vifaa. Pengi hapakuwa navyo, na India, kwa mfano, ilingoja hadi sheria yake ya mwaka 2017 ili kupiga marufuku umeme usio na nusukaputi.

Jambo jingine lilidhihirika katika miaka hiyo. Tiba iliyobuniwa kwa ajili ya skizofrenia iliwafaa zaidi watu wa namna nyingine kabisa, yaani wale waliozama katika huzuni isiyo na mwisho, ambayo siku hizi twaiita sonona. Baadhi yao wana sonona peke yake. Wengine wana maradhi ya pande mbili: kwa majuma au miezi mtu hupaa, halali, hachoki, husema bila kituo, hutapanya mali, kisha huanguka shimoni, asile wala asinene. Mfaransa Jean-Pierre Falret aliyaeleza maradhi hayo kwa mzunguko wake mwaka 1854. Mjerumani Emil Kraepelin aliyatenga na aina nyingine za wazimu mwaka 1899. Na jina la leo, baipola, lenye maana ya ncha mbili, latokana na kazi ya Karl Leonhard ya mwaka 1957. Ndugu na jirani huziona siku za kupaa, kwa sababu zina kelele. Zile za shimoni ni ndefu zaidi kwa wengi, nazo ndizo ziuazo.

Sasa turudi kwetu Kenya, maana hapa kuna somo la historia ambalo ningependa ulitafakari polepole.

Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Mwaka 1938, mwaka uleule wa majaribio ya Roma, serikali ya kikoloni ilimweka Daktari J. C. Carothers aisimamie, naye hakuwa amesomea maradhi ya akili. Alikaa hapo hata mwaka 1950. Akawahesabu wagonjwa wake Waafrika, akaona wenye sonona ni wachache mno, akaandika kwamba Mwafrika kwa asili yake hashikwi sana na maradhi ya huzuni, kwa kuwa hana tabia ya kujilaumu. Alifika hata kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake mwaka 1953, na madaktari wa bara zima wakakisoma kama ilimu.

Kosa liko wapi? Jiulize ni nani aliyefikishwa Mathari katika miaka ile. Ni yule aliyewapiga watu sokoni, aliyevua nguo barabarani, aliyemtukana bwana shauri. Polisi walimkamata, akapelekwa. Mwanamke wa Kisauni aliyegeuza uso ukutani akaacha kula, nani angemsafirisha kwa gari la moshi zaidi ya maili mia tatu hadi Nairobi? Alikaa kwao. Ndugu walimpeleka kwa mwalimu akamwandikia kombe, akanywa. Au alipungwa pepo kwa ngoma. Akapona au akafa. Carothers aliwahesabu waliopita katika mlango wake, akadhani amelihesabu taifa. Mwaka 1963 uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, pamoja na Daktari T. A. Lambo, ulichapishwa ukionyesha kwamba dalili za sonona si haba vijijini. Mwaka 1979 Orley na Wing walitoa habari za vijiji viwili vya Uganda, ambako sonona ilionekana kuwa nyingi kuliko katika mtaa mmoja wa London. Huzuni ilikuwako siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kwenda nyumbani kuuliza.

Mtu aliyemshambulia Carothers kwa maneno makali kuliko wote ni Frantz Fanon, daktari mweusi kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria tangu mwaka 1953. Labda utashangaa kusikia kwamba Fanon huyohuyo alikuwa akiitumia tiba ya umeme kwa wagonjwa wake. Alipinga dharau, naye hakuona kwamba kuipinga dharau kunamlazimu kukitupa chombo kilichokuwa mikononi mwa wenye dharau. Mimi napenda jambo hilo kwake.

Na dharau ilikuwapo, tusifiche. Katika hospitali nyingi za dunia, pamoja na Ingutsheni ya Bulawayo, umeme ulitiwa kwa watu wengi mno, na katika wodi zilizosongamana mgonjwa msumbufu aliweza kuogopeshwa nao kama mtoto anavyoogopeshwa na fimbo. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyotiwa katika filamu ya Marekani ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, ambayo imewatisha watu wengi zaidi kuliko kitabu chochote cha udaktari. Wakati huo tiba yenyewe ilikuwa imepungua, kwani dawa za kumeza zilikwisha kuja: mwaka 1949 John Cade wa Australia alionyesha kwamba chumvi ya lithiamu hutuliza maradhi ya kupaa, na mwaka 1952 klopromazini ilianza kutumika Paris.

Shuhuda za waliotiwa umeme hazipatani. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyeteremka katika bandari yetu ya Mombasa mwezi wa Desemba 1933 akienda kuwinda, alitiwa umeme mwishoni mwa mwaka 1960 na tena mwaka 1961 kwa ajili ya huzuni kubwa. Alilalamika kwamba umemnyang'anya kumbukumbu, ambayo kwa mwandishi ndiyo mtaji. Na mwezi wa Julai 1961 alijiua. Sherwin Nuland, daktari wa upasuaji wa Marekani, alilazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika hali mbaya hivi hata wakubwa wa hospitali wakataka kumkata ubongo. Daktari mmoja kijana akasihi ajaribiwe umeme kwanza. Nuland akapona, akarudi kazini, akaandika vitabu, akaishi hadi mwaka 2014. Ukimsoma mmoja tu kati ya hao wawili, utapotoka.

Sasa nitimize ahadi yangu. Mjomba wangu alikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini, akikaa Mtongwe. Mwaka mmoja, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, alianza kuamka saa nane za usiku akipiga hesabu za mashua. Alinunua mashua tatu kwa mkopo, akachinja mbuzi akawalisha watu wasiomjua, akagombana na kila aliyemwambia apumzike. Tulimcheka kidogo. Baada ya miezi minne alilala kitandani asinyanyuke. Bibi akaleta mwalimu, akaleta kombe. Wengine wakaleta mganga. Baadaye alipelekwa hospitali akapewa vidonge, kwa muda wa majuma mengi, bila mafanikio. Aliacha kula, kisha akawa hata maji hayataki. Daktari akatuita akasema kwamba hakuna wakati wa kungoja vidonge vingine, na kwamba Nairobi iko tiba ya umeme.

Tulikaa kikao sebuleni, wanaume na wanawake. Bibi akasema, "Mwanangu hatatiwa stima ya kichwa. Mimi sikumzaa taa." Mama akalia. Nami, kijana wa chuo niliyesoma kidogo, nikasimama nikaeleza habari za ile filamu, na za wakoloni, na za watu kufanywa kama nguruwe wa machinjio. Nilisema vizuri sana. Nilipokwisha, mke wa mjomba, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akaniuliza, "Na wewe una nini cha kumpa anywe maji leo?" Sikuwa na jawabu.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba hatukumwuliza mwenyewe. Mama akaenda akakaa kitandani, akamweleza polepole kwa muda mrefu: kwamba atalazwa kwa sindano ya usingizi, kwamba umeme ni wa sekunde chache na degedege halifiki dakika moja au linapita kidogo, kwamba atarudiwa mara sita hata kumi na mbili, mara mbili au tatu kwa juma, na kwamba huenda atasahau mambo. Daktari alikuwa ametuambia pia kwamba wengi wa wenye sonona kali hupata nafuu, lakini kwamba asiyeendelea na dawa baada ya hapo huwa katika hatari kubwa ya kurudi alikotoka. Mjomba hakusema neno. Alitikisa kichwa kukubali. Kama kutikisa kichwa kwa mtu aliye katika hali ile ni ridhaa ya kweli, nimejiuliza mara nyingi, na hata leo najiuliza.

Sheria nayo imekuwa ikijiuliza. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na ridhaa ya mgonjwa, baada ya kuelezwa tiba aitakayopewa, ikatiliwa nguvu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua hakipatani na Katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyeokolewa na majirani zake aliweza kupelekwa mahakamani badala ya hospitali. Hapa Mombasa iko wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ambayo kwa miaka mingi imewapokea watu wa pwani. Jina hilo la Reitz ni la ofisa wa Kiingereza aliyekufa kwa homa mwaka 1824, muda mfupi baada ya kuachwa Mombasa awe mkuu wa mji. Kwa hiyo hata jina la hospitali ni la mtu aliyekosa tiba. Nakuambia ilipo ili, ikiwa katika nyumba yenu yuko mtu aliyegeuza uso ukutani, au ikiwa mtu huyo ni wewe, umjue mtu mzima wa kumwambia na mahali pa kwenda leo hii, wala si mwezi ujao.

Mjomba alitiwa umeme mara nane. Baada ya mara ya nne aliomba uji. Aliporudi Mtongwe alikuwa mwembamba na mpole, akitafuta majina ya watu kama mtu atafutaye funguo mfukoni. Mengine yalimrudia baada ya miezi, mengine hayakurudi. Humeza lithiamu hadi sasa, na hupimwa damu kwa sababu yake. Miaka mitano baada ya hapo alianguka tena, ila safari hiyo alienda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akavuka feri peke yake.

Harusi ya bintiye mkubwa ilifanywa katika ile miezi ya kupaa, kabla ya kuanguka. Yeye ndiye aliyeisimamia, na watu wa Mtongwe wangali wanaisimulia. Haikumbuki hata kidogo. Picha zake anazo katika bahasha, na mara nyingine nikienda kumwamkia huzitoa akaniuliza: huyu aliyevaa kanzu ya rangi ya maziwa ni nani, na ni nani aliyepika biriani, na je, mimi nilicheka kama ninavyocheka hapa? Nami hukaa nikamsimulia tangu mwanzo.